UZI: Sallins, kijiji cha Ireland kilichozaliwa na mfereji, kikasahauliwa, treni ikakirudisha

BintiKahama (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni. Kuna ndugu kwenye ule uzi wa ajira za kuhudumia wazee Ulaya aliuliza huko Ireland vijijini kukoje, kijiji cha huko ni kijiji kweli au ni mji tu wanauita kijiji. Nikaanza kumjibu nikaona naandika na sijafika hata nusu, nikasema acha nifungue uzi kabisa na wenye kujua zaidi waongezee.

Mi naishi Sallins, kaunti ya Kildare, huu mwaka wa saba. Kazi yangu iko kwenye nyumba ya wazee upande wa Naas, kilomita tatu na kitu kutoka hapa. Dublin ni kama kilomita 30, kwa treni nusu saa hivi. Sikuja huku kwa kuchagua, nilikuja kwa sababu chumba kilipatikana huku, ila sasa nimepapenda kiasi kwamba mtu akipasema vibaya mbele yangu naumia. Kwa hiyo nitawaeleza mazuri na yanayoniuma yote. Na nililoliona kubwa ni hili, Sallins tangu izaliwe inaletewa watu na njia inayopita, mara mfereji, mara reli, mara barabara. Watu wanashuka, wanajenga, halafu vile vitu vya kumfanya mtu aishi, shule, daktari, mahali pa vijana kukaa, vinakuja nyuma vinahema.

Nianze na jina. Kwenye kibao cha barabarani juu wameandika Na Solláin, ndo Kiairishi chao, chini ndo Sallins. Maana yake ni mierebi, ile miti ya kwenye Isaya inayoota karibu na mifereji ya maji. Na kweli mierebi ipo na mfereji upo, ingawa jina lilitangulia.

Zamani hapa palikuwa mashamba na vinyumba tu. Kijiji chenyewe kimeletwa na mfereji unaoitwa Grand Canal. Walianza kuuchimba 1756 kutoka Dublin kwenda magharibi, lengo ufike mto Shannon, maana barabara za wakati ule mzigo mzito ulikuwa mateso. Ukafika hapa 1779, na Februari 1780 boti za abiria zikaanza safari za Dublin mpaka Sallins. Boti haina injini jamani, inavutwa na farasi wanatembea ukingoni na kamba ndefu, abiria wamekaa ndani. Kwa kuwa mfereji ulikuwa bado haujaendelea mbele, Sallins ndo ikawa mwisho wa safari, na mnajua wenyewe mwisho wa safari huwa panakuwaje, hoteli ikajengwa miaka hiyohiyo, maghala, mazizi ya farasi, wauza vyakula. Ndo kijiji kikaanza hivyo.

Naendelea baadaye, naingia zamu ya usiku.

Mlaso_wa_Machame

Mkuu asante sana, weka kambi hapa tunafuatilia. Swali moja, huo mfereji ukifika kwenye mto unafanyaje? Maana mimi nimekulia kwenye mifongo, ile mifereji ya kumwagilia ya kwetu Kilimanjaro, tulikuwa tunapitisha maji ya mfongo juu ya korongo kwa magogo yaliyochongwa. Wenzetu walifanyaje na boti?

BintiKahama

Mlaso umeuliza swali ambalo ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote hapa kijijini.

Ukitoka Sallins ukaufuata mfereji kuelekea magharibi, dakika kama 25 kwa miguu, unafika mahali mfereji unapita JUU ya mto Liffey. Ule Liffey unaopita katikati ya Dublin, ndo huohuo. Walijenga daraja la mawe lenye matao, miaka ya mwanzo ya 1780, linaitwa Leinster Aqueduct, mhandisi alikuwa Richard Evans. Unasimama pale juu, mkono mmoja una maji yametulia kama ya kwenye beseni, boti inapita polepole kabisa, ukiinama upande wa pili chini unaona mto unakimbia kwa fujo. Maji juu ya maji. Mara ya kwanza nilisimama mpaka baridi ikaniingia mifupani.

Kwa nini hawakuacha mfereji uingie tu mtoni uchanganyike? Mzee mmoja ninayemhudumia alinieleza vizuri, mto unajaa na kupungua unavyotaka, mvua ikinyesha milimani unakuja mwekundu na matope na magogo, lakini boti inataka maji yakae kimo kimoja mwaka mzima. Kwa hiyo mfereji una maji yake, yanatoka kwenye chemchemi za Pollardstown huku huku Kildare, na mto una ya kwake. Magogo ya kwenu na lile daraja ni akili moja tu.

Na ukienda upande wa Naas kuna tawi la mfereji, lilifunguliwa 1789, huko kuna vile vyumba vya mawe vyenye milango mikubwa ya mbao, boti inaingia, mlango unafungwa, maji yanajazwa boti inapanda kama iko kwenye lifti. Milango inafunguliwa kwa mtu kuusukuma mti mrefu kwa mgongo mpaka leo. Mwanangu hapo humtoi.

BintiKahama

Inaendelea. Mfereji haukukaa na enzi yake muda mrefu. Reli ya Dublin kwenda kusini ikafunguliwa 1846 na ikapita hapahapa Sallins, wakaweka stesheni. Abiria wakahamia kwenye treni, boti zikabaki na mizigo, nafaka, mboji ya kuwasha moto ile wanaichimba mabwawani, na mapipa ya bia ya Guinness kutoka Dublin.

Na muangalie huo mwaka, 1846. Ndo katikati ya ile njaa kubwa, viazi vilioza shambani kuanzia 1845. Kisiwa chote kilikuwa na watu milioni 8 na ushee sensa ya 1841, njaa ikaua kama milioni moja, wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Jamhuri ya Ireland imevuka watu milioni 5 tena kwenye sensa ya 2022, mara ya kwanza tangu 1851. Hili ukilielewa unaelewa kwa nini vijiji vingi huku vina nyumba za mawe zimebaki kuta nne hazina paa. Kwa hiyo mtu akiniambia Ireland kijiji kinakua haraka mno mi huwa namwambia kwanza kumbuka hii ni nchi ambayo kwa zaidi ya miaka mia ilizoea vijiji kupungua.

Yule mzee ninayemhudumia alizaliwa Sallins. Anakumbuka boti za mizigo za mwisho, akiwa kijana, mapipa yamepangwa, wanaboti wanawarushia watoto maneno. Biashara ya mizigo ikafungwa 1960. Halafu 1963 stesheni nayo ikafungwa. Yaani reli ipo, treni zinapita kila siku kwenda Cork, ila hazisimami. Mzee ananiambia, binti yangu, tulikuwa tunazipungia mkono. Miaka 31 hivyo. Kijiji kilichozaliwa na usafiri kinapitwa na usafiri.

kipepeo85

Hapo kwenye kupungia mkono pamenigusa. Stesheni ngapi kwetu nyasi zimeota.

Dada nimesikia pia hapo karibu kuna kaburi la mpigania uhuru wao mkubwa, ni kweli?

BintiKahama

Kweli kabisa mdogo wangu, linaitwa Bodenstown, ni makaburi ya zamani yenye gofu la kanisa limefunikwa na mimea, unatembea kutoka kijijini tu. Amelala Wolfe Tone. Huyu alikuwa Mprotestanti wa Dublin, mwanasheria, 1791 akawa mmoja wa waanzilishi wa Society of United Irishmen kule Belfast, wazo lake Mkatoliki na Mprotestanti waache kugombana waunganike kama Waairishi kuung'oa utawala wa Uingereza. Akaenda Ufaransa kuomba jeshi. Mwaka 1798 akakamatwa akiwa kwenye meli ya Wafaransa, akahukumiwa kunyongwa, yeye aliomba apigwe risasi kama askari wakamkatalia, akajikata koo gerezani akafa Novemba hiyohiyo. Familia yao asili yao ni hapa Bodenstown ndo maana akaletwa huku.

Sasa kaburi lilikaa miaka zaidi ya arobaini halina jiwe lenye jina. Wakaja wakaweka jiwe 1844, na unajua kilichotokea? Watu waliokuja kuhiji wakawa wanabandua vipande vya jiwe kwenda navyo nyumbani, wengine mpaka Marekani, mpaka jiwe likaisha ikabidi waweke jingine na kulizungushia vyuma.

Kila mwaka vyama vya siasa vinakuja kutoa heshima, Fianna Fáil siku yao, Sinn Féin siku yao, na kila mmoja anasema Tone ni wake. Patrick Pearse alihutubia hapo 1913, miaka mitatu kabla ya yale mapinduzi ya Pasaka ya 1916 ya kudai uhuru, yaliyomgharimu maisha, akapaita mahali patakatifu kuliko pote Ireland.

Lakini utakatifu huo umegharimu watu wa kijiji. Mwaka 1969 wanamgambo wa UVF kutoka Ireland Kaskazini, wale wanaotaka kubaki na Uingereza, walililipua kaburi kwa bomu. Juni 1975 wakarudi wakatega bomu relini, wakilenga treni iliyobeba watu wanaokuja Bodenstown. Mwanakijiji mmoja akawafuma usiku, wakamuua kwa visu. Bomu likalipuka treni imeshapita, watu mamia wakapona. Mtu wa kawaida kabisa, anatembea usiku kwao. Mi nikipita ile njia huwa namkumbuka yeye kabla ya Tone.

Otis_wa_Kitui

Niaje wandugu, salamu kutoka Kenya. Mimi nimesoma shule iliyoanzishwa na mapadre wa Kiltegan, hao ni Waairishi, makao yao iko kijiji inaitwa Kiltegan, kaunti ya Wicklow, wameanza 1932 siku ya Mtakatifu Patrick. Wamefanya kazi sana Kitui, Turkana, Eldoret. Padre mzee aliyetufundisha hesabu alikuwa anatuambia kwao ni kijiji ndogo na kila familia lazima iko na mtoto Amerika. Wicklow na Kildare si ni jirani? Madam si siku moja utembee huko utupigie picha.

BintiKahama

Ni jirani kabisa kaka Otis, kaunti zinapakana. Nitakwenda, nakuahidi. Na hilo la kila familia kuwa na mtoto nje ni kweli mpaka leo, mzee wangu ndugu zake watatu walizikwa Uingereza, hakumzika hata mmoja.

Wakili_Msomi_Mdogo

BintiKahama hujagusa wizi wa treni. Sisi tuliosoma sheria Sallins tunaijua kwa hilo tu, niruhusu niliweke.

Tarehe 31 Machi 1976, treni ya barua ya Cork kwenda Dublin ilisimamishwa usiku karibu na Sallins, majambazi wakaondoka na kama pauni 200,000. Polisi wakakamata watu wa chama kidogo cha mrengo wa kushoto, IRSP. Watatu waliofungwa ni Osgur Breatnach, Brian McNally na Nicky Kelly. Ushahidi? Maungamo tu. Na hayo maungamo wao walisema wameyatoa kwa kipigo, kulikuwa na kikundi cha wapelelezi magazeti yalikibatiza jina la Heavy Gang. Kesi ikasikilizwa kwenye mahakama maalumu isiyo na jopo la raia, majaji watatu tu. Mawakili wakalalamika jaji mmoja anasinzia kortini, wakapuuzwa, jaji yule akafariki kesi ikiwa haijaisha, ikaanza upya kabisa.

Desemba 1978 wakapatikana na hatia. Kelly alikuwa ameshatoroka. Mwaka 1980 rufaa ikawaachia Breatnach na McNally. Kelly kusikia hivyo akarudi kutoka Marekani akijua naye ataachiwa, wakamtia ndani! Wenzake maungamo yaleyale yamekataliwa, yeye yamekubaliwa. Akagoma kula siku 38 mwaka 1983, akatoka 1984, na msamaha wa rais ukaja 1992 kwa sahihi ya Mary Robinson. Na IRA, wale wanamgambo waliokuwa wanapigana kuitoa Uingereza Ireland Kaskazini, walishasema zamani kwamba treni ile waliiba wao.

Hii kesi huwa nawaambia vijana ofisini, mtu akikiri mahabusu, muulize kwanza amelala saa ngapi na nani alikuwepo chumbani.

BintiKahama

Wakili asante, umelieleza kuliko ambavyo ningeweza. Niongeze tu kwamba watu wa Sallins hawapendi hilo jina la kesi. Kijiji hakikuiba wala hakikumpiga mtu, ila ukitaja Sallins kwa Mwairishi aliyenizidi umri kidogo jibu ni "ah, ya treni."

Haya sasa nifike kwenye kukua kwenyewe maana ndo kulikoniletea huku na ndo kunakoniuma.

Mwaka 1994 stesheni ikafunguliwa tena. Wakaiita Sallins and Naas, kwa sababu Naas ambao ni mji wa watu zaidi ya 26,000 hauna stesheni yake, kijiji ndo kinaubebea. Wakati huohuo uchumi wa Ireland ukapaa, ile miaka ya kampuni za Marekani kuja kwa wingi, nyumba Dublin zikawa hazishikiki. Familia changa zikaanza kutafuta mahali penye treni. Zikaona Sallins. Makontrakta wakaja, mashamba ya ng'ombe yakageuka mitaa ya nyumba zinazofanana kama mapacha. Sensa ya 2002 watu walikuwa hawajafika 3,000, ya 2016 wakawa 5,849, ya 2022 wamevuka 6,000. Ndani ya miaka ishirini kijiji kimejizaa mara mbili.

Na kuna kitu cha nauli watu wa nje hawakijui. Kwa miaka mingi nauli nafuu ya eneo la Dublin ilikuwa inaishia Sallins. Ukipanda Newbridge, stesheni inayofuata tu, ulikuwa unalipa zaidi sana. Matokeo yake mtu wa Newbridge, wa Kilcullen, wa wapi, alikuwa anaendesha gari asubuhi anakuja kupaki Sallins apande treni. Mi nikitoka zamu saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nakuta foleni ya magari inaingia kijiji, hayo magari si ya kijiji, ni ya watu wanaokipita. Mstari mmoja kwenye jedwali la nauli ulikijaza kijiji magari.

Tangu mwishoni mwa 2016 kuna treni zinazopita chini kwenye handaki la Phoenix Park mpaka Grand Canal Dock, yaani ile bandari ya mfereji huohuo upande wa pili wa Dublin, sasa hivi pamejaa kampuni za kompyuta, Google wapo hapo. Kwa hiyo vijana wa Sallins wanaenda kazini kwenye mwisho wa mfereji uleule uliokizaa kijiji chao.

2008 ikaja anguko. Mabenki yakayumba, 2010 nchi ikaokolewa na Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, ule mpango wa euro bilioni 85. Nchi nzima walihesabu mitaa zaidi ya 2,800 ambayo haijamalizika, nguzo za taa hazina taa, barabara kokoto. Bei za nyumba zikashuka karibu nusu. Jirani yangu alinunua bei zikiwa kileleni, 2006, miaka mingi alikuwa analipa deni ambalo ni kubwa kuliko nyumba yenyewe, hawezi kuuza, hawezi kuhama, na watoto wanazaliwa chumba hakiongezeki. Aliniambia hili jikoni kwake, anamenya viazi, hajainua macho mpaka alipomaliza.

Kijanawa_Goba

Dada hongera kwa uzi ila naomba nitofautiane. Treni ipo, kazi zipo, nyumba zipo, maji yapo. Sasa kinachouma ni nini? Huku kwetu mtu anajenga mahali hata barabara hajui itapita wapi. Mi naona hayo ndo maendeleo yenyewe.

BintiKahama

Kaka nakuelewa na wala sikatai, treni ni neema. Ila ngoja nikuoneshe kwa mfano wangu mwenyewe.

Nilipofika, nilizunguka kutafuta daktari wa familia. Huku bila kuandikishwa kwa daktari wako huendi popote, hata vipimo vya damu vinaanzia kwake. Zahanati ya kwanza wakaniambia hatupokei wagonjwa wapya. Ya pili hivyohivyo, nyumba mpya zimekuja mia, daktari ni yuleyule. Nilikaa miezi tisa sina daktari, mtoto akipata homa naenda kwenye kliniki ya dharura ya usiku nalipa. Si kosa la wale wahudumu wa mapokezi, wamama wazuri tu, macho yao yalikuwa yanaonesha wamelisema hilo neno mara ishirini siku hiyo.

Watoto wa sekondari asubuhi wanasafiri kwenda Naas. Mpaka maji taka, kaka. Kiwanda cha kusafishia maji taka kiko Osberstown hapa kati yetu na Naas, kinapokea ya Naas, Newbridge, Clane, Sallins na kwingine, kilizidiwa mpaka ikabidi wakipanue kiweze kubeba mzigo wa watu 130,000. Hakuna anayepiga picha na kiwanda cha maji taka, lakini bila hicho hakuna hata nyumba moja inayoruhusiwa.

Barabara ya kukwepa kijiji watu waliililia miaka na miaka, ikafunguliwa 2021, inavuka mto, mfereji na reli kwa mkupuo. Siku ya kwanza baada ya kufunguliwa nilivuka barabara ya katikati ya kijiji pale karibu na daraja la mfereji, nikasikia bata. Yaani nilisimama, miaka yote sikuwahi kusikia bata pale, nilikuwa nawaona tu.

Kwa hiyo siyo kwamba sitaki watu waje. Mimi mwenyewe ni wa kuja! Ninachosema ni kwamba nyumba inajengwa kwa miezi minane na daktari anasomeshwa miaka mingi, sasa anayetoa kibali cha nyumba 200 amwite na wa shule na wa zahanati wakae meza moja kabla hajasaini.

Shomari_Mayo

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi niko upande wa magharibi, Mayo, mji mdogo unaitwa Ballyhaunis, haufiki watu 3,000. Huku hakuna treni ya Dublin ya kila nusu saa, kilichotuleta ni nyama. Kiwanda cha kuchinja halali kilianzishwa miaka ya sabini na mfanyabiashara wa Kipakistani, wafanyakazi wakaja Waislamu, msikiti ukajengwa miaka ya themanini, nje ya Dublin ulikuwa wa kwanza kujengwa kama msikiti. Siku hizi kuna Wapakistani, Wasiria, Wapoland, Walatvia, Waafrika tupo.

Tofauti na huko kwa dada, sisi mgeni anafanya kazi hapahapa, anasali hapahapa, mtoto anacheza hapahapa. Kwa hiyo mnajuana. Sallins nahisi mtu anaonekana wikendi tu?

BintiKahama

Waalaykum salaam kaka Shomari, umegusa penyewe. Mwaka wa kwanza mtaani kwangu nilijua magari, sikujua watu. Saa kumi na mbili asubuhi linaondoka la bluu, saa moja jioni linarudi.

Kilichotuunganisha ni klabu ya GAA, ile ya michezo yao ya asili. Mwanangu akajiunga, wanacheza hurling, fimbo ya mti wa mkwaju, samahani si mkwaju, unaitwa ash, mti wa huku huku, na kampira kadogo kagumu kama jiwe. Jumamosi asubuhi wazazi wote uwanjani, mvua ya kuchoma, mtu anakupa chai kwenye chupa yake kabla hajakuuliza jina. Hakuna kocha anayelipwa, wote kujitolea. Kuna mama mmoja ndo alikuja kuniambia, daktari fulani anafungua orodha Jumatatu, nenda saa mbili usichelewe. Ndivyo nilivyopata daktari, kwa mama wa uwanjani.

Mlaso_wa_Machame

Na huyo mzee wako anasemaje kuhusu hizo nyumba zote?

BintiKahama

Mlaso nilimuuliza hilohilo. Nilimpeleka kwa kiti cha magurudumu mpaka ukingo wa mfereji, mwezi wa tano, jua lipo. Siku hizi pale katikati ya kijiji kuna boti nyembamba ndefu zimefungwa kamba, watu wanaishi humo, zina mabomba ya moshi na masufuria ya maua juu. Akaziangalia sana. Akasema alipokuwa na miaka ishirini vijana wa rika lake waliondoka karibu wote, timu ya mpira haikutimia ikabidi waungane na kijiji kingine. Akaniuliza, sasa hivi mwanao yuko kwenye timu? Nikamwambia yupo, na wako wengi mpaka wamegawanywa timu tatu. Akanyamaza, kisha akasema nimsogeze kidogo jua limfike miguuni.

Fundi_Baraka (aliyeuliza mwanzo)

Dada mimi ndo niliuliza kule kwenye uzi wa ajira. Nimesoma yote kituo kwa kituo. Nimepata barua ya kazi Naas kuanzia mwezi wa tisa. Nitafute chumba Sallins au nikae Naas kwenyewe?

BintiKahama

Hongera sana mdogo wangu! Naas vyumba ni vingi kidogo na maduka yapo, Sallins una treni na mfereji. Ukipata Sallins usiogope umbali, kuna njia ya kando ya lile tawi la mfereji mpaka Naas, tambarare kabisa, baiskeli unafika haraka na hukutani na magari mengi. Nunua koti la mvua la kweli, siyo la mtumba lililopasuka mishono, na taa mbili za baiskeli maana mwezi wa kumi na mbili saa kumi na moja jioni ni giza.

Daktari anza kumtafuta kabla hata hujapanda ndege, piga simu zahanati zote za Naas na Sallins uandike majina ya waliokukatalia na tarehe, usaidiwe mbele ya safari. Usitume kodi ya chumba kwa mtu ambaye hujaona mlango wake, matapeli ni wengi, niandikie inboksi niende nikukagulie mwenyewe.

Na ukifika Jumamosi, ukishuka stesheni usiende kushoto na watu wa magari. Nisubiri hapo kwenye ngazi, mechi zinaisha saa sita, nitakuja na huyu mtoto twende kwanza kwenye daraja la maji juu ya maji.